Marinda ya Bwana Posta

Mwanzoni nilimwona kichekesho. Baadaye nikamwona mshindani, ingawa hilo nililiweka moyoni mwangu, maana ukimwita mtu mshindani wako mbele za watu umeshakiri kwamba anakutisha. Watu wengine wote wa kwetu, kuanzia mtaa wa Malvern hadi ule wa Agincourt, walimwita Bwana Posta. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi nyuma ya dirisha la posta huko nyumbani, akiuza stempu na kupima vifurushi, na hata alipostaafu na kuhamia Toronto kwa binti yake hakuacha kulisimulia dirisha lile. Alikaa ghorofa ya chini ya kwetu. Nilimjua kwa zaidi ya miaka kumi, na katika muda huo sidhani kama ilipita wiki nzima bila mimi kumwonea wivu.

Chanzo kilikuwa kilti, ile sketi ya miraba wanayovaa wanaume wa Uskoti. Aliikuta katika duka la mitumba, ya kijani na buluu, sufu nzito, na bizimu mbili ubavuni. Mtu mwingine wa kwetu angeipita akidhani ni sare ya wasichana wa shule. Yeye aliichukua, akaizungusha kiunoni, akamwambia binti yake kwamba huu ni msuli, ila ni msuli wa watu wa baridi, umeshonwa ili upepo usiufungue. Kwao Tanga mwanamume haoni haya kukaa barazani na msuli, kwa hiyo hakuona haya kupanda basi na ule.

Kosa alilofanya lingefanywa na kila mtu aliyekulia kwenye msuli. Aliweka marinda mbele. Msuli mikunjo yake hukaa mbele, ndipo unapouvuta, unaukunja na kuuchomeka. Basi na kilti akaivaa hivyo, marinda tumboni, upande wa bapa nyuma, akazunguka nayo miezi kadhaa huku wenye nguo yao wakimtazama na kunyamaza kwa adabu. Aliyemwambia ukweli alikuwa mama mmoja wa Kiskoti, mwenye nywele nyeupe, aliyekuwa akiuza mikate karibu na kwetu. Siku hiyo alitoka nyuma ya kaunta na foleni ikiwa imesimama, akamweleza, kisha akaizungusha ile nguo kiunoni mwake mpaka marinda yakakaa nyuma, kama mtu anavyomweka sawa mtoto anayekwenda shule. Mimi ningetaka ardhi ipasuke. Yeye alimshukuru, akamuuliza na namna ya kuketi bila kuyakunja.

Tangu siku hiyo mkate wake ulitoka ndani, wa moto. Yule mama akishamwona mlangoni huwa ameshaufunga kwenye karatasi. Sisi wengine tulipewa wa kwenye rafu. Najua kwa sababu nilikuwa kwenye foleni ile ile, na suti yangu, na hakuna aliyewahi kunifungia kitu kabla sijasema.

Lazima nieleze mimi nilikuwa nani, la sivyo wivu wangu utaonekana ni wa mkate. Mchana nilikuwa mtu wa ghala la samani, nabeba makochi. Lakini kwa watu wetu nilikuwa msindikizaji. Kila jamii ya wageni ina mtu wa namna hiyo. Mtu akifika mjini, Kiingereza chake ni cha kuvunjikavunjika, au anacho lakini ulimi unaganda akifika mbele ya karani, humpigia simu msindikizaji ili aende naye. Nimesindikiza watu benki, ofisi za serikali, kliniki, maduka ya simu, hata kwa fundi wa magari. Nilikuwa na koti maalumu la kazi hiyo. Sikulipwa, na sikutaka kulipwa. Malipo yangu yalikuwa kwenye sherehe na misiba, pale mtu anaponipisha kiti na kumwambia jirani yake, huyu ndiye kaka aliyenipeleka. Kwa mtu anayeshinda akibeba makochi, maneno hayo ni chakula.

Njia yangu ilikuwa ya haki. Nilisimama wima, nikaeleza shida kwa mpangilio, na karani akileta uzembe nikaomba kuzungumza na mkubwa wake. Mara nyingi nilishinda. Sikatai kwamba tulichelewa kutoka, na kwamba niliowasindikiza walitoka wameinama, kama watu waliotoka kwenye ugomvi wa majirani.

Sasa akatokea Bwana Posta na marinda yake. Mtu wa kwanza kumchukua badala yangu alikuwa mama mmoja wa Malvern, mpishi wa maandazi, ambaye simu yake ilikuwa imekatwa kimakosa. Mimi nilikuwa kazini, akaona amwombe mzee aliye karibu. Walirudi kabla chai haijapoa, simu inafanya kazi, na kijana wa duka amewapa na kifuko cha kuibebea. Mama yule alisimulia kila mahali. Alisema walipoingia tu, kijana aliacha alichokuwa anafanya, akatoka mwenyewe, akaisifu kilti na kumuuliza mzee anatoka ukoo gani wa Uskoti. Bwana Posta akamjibu kwamba ukoo wake ni wa Tanga, barabara ya kumi na mbili, na kwamba miraba hii ameazima. Wakacheka. Wakiwa wanacheka, simu ikatengenezwa.

Nilipozisikia habari hizo nilitoa cheko la jino pembe. Nilisema bahati. Lakini bahati ile ilijirudia benki, ikajirudia kwa daktari wa meno, ikajirudia kwenye ofisi moja ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nimegombana nayo mpaka mlinzi akaitwa. Watu wakaanza kunipigia simu na kuuliza, kwa sauti ya upole inayoumiza zaidi, kama ninajua Bwana Posta yuko nyumbani.

Kulikuwa na mambo mengi juu yake yaliyokuwa hayaendani, nami niliyakusanya kama mtu anayekusanya ushahidi. Alikuwa na haya kupita wasichana. Chini ya kilti alivaa kaptura, na chini ya kaptura bukta, na soksi zake zilifika magotini. Msikitini alikwenda na kanzu, mazishini na suruali, na ukimuuliza kwa nini, husema kilti ni nguo ya dirishani tu. Aliyependwa na makarani wa mji mzima alikuwa yeye mwenyewe karani mbaya ajabu. Kwenye shughuli zetu, akipewa upawa wa kugawa biriani, ungedhani anauza stempu za mwisho. Hakutazama watu usoni. Mtu akiomba aongezewe mchuzi, alimwonyesha mwisho wa foleni. Ukigonga mlango wake saa ambayo hakuitaka, alifungua kidogo, akakuambia uje kesho, akafunga. Binti yake alizoea kumwombea radhi.

Nilimuuliza siku moja, tukiwa kwenye lifti, kwa nini mtu mkali kama yeye anachekewa kila anapokwenda. Nilijitahidi swali litoke kama mzaha. Akanisimulia habari ya mtu mmoja aliyewahi kuingia posta na bata kwapani. Watu walikuwa wengi, joto kali, na yeye dirishani alikuwa amefikia hali ya kutowaona watu kabisa, anaona mikono tu na bahasha. Kisha bata akalia. Alimhudumia yule mtu, wakaongea habari za bata, na kwa muda wa nusu saa baada yake aliwahudumia watu wote vizuri.

"Karani hasinzii kwa kupenda, mdogo wangu," alisema. "Amezikwa pale. Mimi naingia na bata wangu tu."

Nikamwambia kwamba mtu hapaswi kuwa kichekesho ndipo ahudumiwe, kwamba ni haki yake. Nilisema kwa nguvu, na naamini hivyo mpaka leo.

"Ni kweli," alisema. "Lakini anayenicheka ameshaniona. Wewe hawajakuona bado, unawadai."

Lifti ikafunguka, akatoka. Nilibaki ndani nikapanda mpaka juu kabisa bila sababu.

Nisimpambe mno. Kilti haikumpa heri kila mara. Kuna mlinzi wa duka kubwa aliyemfuata kila kona akidhani ameficha bidhaa kwenye marinda. Kwenye treni ya chini ya ardhi kuna mlevi aliyelishika pindo lake na kulivuta, na abiria wakatazama viatu vyao. Karani mmoja aliwaita rafiki zake watoke ndani wamwone, wakapiga picha, kisha wakasahau alichofuata. Habari hizo zilipofika kwangu nilisema pole kwa mdomo. Moyoni nilihisi kitu kitamu ambacho sijivunii. Yeye hakuzificha. Alizisimulia mwenyewe, akimwiga yule mlevi, mpaka watu wakasahau kwamba ilikuwa habari ya kusikitisha, nami nikanyimwa hata hicho kidogo.

Nilifika mahali nikanunua yangu. Ndiyo, mimi. Nilikwenda mbali, upande wa pili wa mji, ili nisionwe, nikanunua mpya kabisa, nyekundu, na kipochi chake cha manyoya. Mke wangu aliponiona nikijitazama kwenye kioo alikwenda kukaa jikoni, na nilisikia vijiko vikianguka. Nikaenda nayo benki. Nilikuwa nimeweka marinda nyuma, sikukosea kitu. Msichana wa kaunta alinitazama akauliza kama kuna sherehe mahali. Nikamwambia hakuna sherehe, nimevaa nguo, na je, kuna sheria inayokataza? Akasema hapana, bwana, kwa sauti ile ile wanayonisemea siku zote. Nilisubiri kama kawaida, nikaomba kuonana na mkubwa wake kama kawaida, nikarudi nyumbani na magoti ya baridi.

Mke wangu, ambaye hana desturi ya kunisema, alinitengea chai na kusema jambo moja tu. "Baba, nguo umebadilisha. Uso ni ule ule."

Ile nyekundu ipo mpaka leo, chini ya mashuka. Sikumwambia Bwana Posta, lakini nina hakika alijua, kwa sababu siku chache baadaye aliniuliza, akitazama pembeni, kama sufu mpya inawasha.

Haya yote ningeyavumilia. Lililonivunja ni habari ya mama yangu.

Mama alikuja kuishi nasi akiwa mtu mzima sana, masikio yamechoka. Tulimsemesha kwa kupaza sauti mpaka nyumba nzima ikawa kama gulio. Nikampeleka mahali wanapopima masikio na kuwapa watu mashine za kusikilizia. Mara ya kwanza tulikaa mpaka nikagombana na karani wa mapokezi juu ya watu walioitwa kabla yetu. Mara ya pili karani yule yule alituona tunaingia, akashusha macho. Mama hakusikia maneno, lakini aliona nyuso, na mtu asiyesikia husoma nyuso vizuri. Alipotakiwa kurudi mara ya tatu alikataa. Nikamsihi. Alinipapasa mkono, akasema kwa ile sauti yake kubwa ya mtu asiyejisikia, na mke wangu akiwa pale, "Mwanangu, usichukie. Nataka kwenda na yule mzee wa marinda."

Sikuchukia. Nilikwenda ghala, nikabeba makochi ya watu wawili peke yangu, mgongo ukaniuma wiki nzima. Nilikuwa nimesindikiza nusu ya watu wetu wa upande huu wa mji, na mama yangu mzazi akaomba asindikizwe na mwingine.

Niliporudi jioni walikuwa wamekaa sebuleni, Bwana Posta na kilti yake, mama na kitu kidogo cha rangi ya ngozi nyuma ya sikio. Walikuwa wakila karanga. Karani yule yule, nilielezwa, alimtafutia mama kiti chenye mto, akatoka nje kumwonyesha mzee picha ya babu yake aliyekuwa mpiga ngoma huko Uskoti. Fundi wa mashine alirudia kuirekebisha mpaka mama akaridhika. Nikasimama mlangoni na buti zangu, nikasema kwa sauti niliyozoea, ya kupaza, kwamba nashukuru sana.

Mama akajikunyata. "Polepole, mwanangu," akasema, taratibu kabisa. "Nakusikia."

Kwa miaka miwili baada ya hapo nilikuwa nikimsalimu Bwana Posta kwa kichwa tu. Simu zilipungua, kisha zikanyamaza. Koti langu la kusindikizia nikalivaa kazini, likaisha kwa vumbi la mbao. Mama alifariki akiwa anasikia vizuri, na siku ya mazishi watu walikuja kunipa mkono, kisha wakaenda kukaa karibu na mzee, aliyekuwa amevaa suruali na analia waziwazi. Hata kulia alilia vizuri kuliko mimi.

Kisha akahama. Binti yake alipata nyumba Agincourt, wakaondoka, na mimi nikapumua. Nilisikia kwamba ameanguka bafuni, kwamba upande mmoja wa mwili umelegea, kwamba maneno yanamtoka kwa shida. Nilisema nitakwenda kumtazama, nikaahirisha, nikaahirisha tena.

Aliyenipigia simu ni yeye. Alichukua muda mrefu kusema jina langu, nami nikangoja, nikidhani anataka kuaga. Alikuwa anataka nimpeleke hospitali, alikuwa na miadi na daktari wa mishipa, binti yake kazini, na alisema amemkatalia kila mtu mwingine aliyejitolea.

Nilimkuta amekaa kwenye kiti karibu na mlango, tayari, na suruali ya mpira kiunoni, ile ya michezo, na jaketi lililofungwa zipu mpaka kidevuni. Nilistuka kuona jinsi alivyokuwa mdogo. Niseme ukweli, kitu cha kwanza nilichokitafuta kwa macho ni kilti. Ilikuwa imetundikwa nyuma ya mlango wa chumba chake, imepigwa pasi. Nikamwambia, kama bizimu ndizo tatizo, mimi nina mikono miwili, nitamfungia, marinda nyuma.

Akatikisa kichwa. Alitafuta maneno moja moja.

"Kule watanivua," alisema. "Nikishavuliwa, ninahitaji mtu mwenye uso wako."

Tulikwenda kwa teksi. Hospitali tulikuta foleni, na nikaona kwa mara ya kwanza jinsi watu wanavyomwona Bwana Posta asiye na marinda, yaani hawamwoni. Mtu alimpita na kuchukua nafasi yake. Mwingine alimsogeza kwa begi bila kugeuka. Tulipofika mbele, karani, kijana mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi, alinitazama mimi juu ya kichwa cha mzee, akaniuliza jina lake nani, na kama anaelewa anachoambiwa.

Miaka yote ile nilikuwa nimengoja nizungumzishwe mimi na yeye aachwe. Ilipokuja haikuwa na ladha yoyote. Nikashika ukingo wa kaunta. Nikamwambia yule kijana, bila kupaza, kwamba mzee huyu anaelewa kila kitu na atajibu mwenyewe, na kwamba sisi sote wawili tutangoja mpaka amalize.

Ikachukua muda. Nyuma yetu watu wakaanza kuguna, nikageuka nikawatazama kwa ule uso, wakaacha. Bwana Posta akataja jina lake, akalirudia lote. Akataja mtaa. Akataja siku yake ya kuzaliwa, akakosea mwezi, akajisahihisha. Kijana alikuwa ameacha kuandika, anamtazama yeye, ameinama kidogo ili amsikie.

Mwishoni karani akanigeukia kwa heshima, akauliza na mimi ni nani kwake, ndugu au mtoto. Nilifungua mdomo. Jibu nilikuwa nalo tayari, nimelitoa kwenye madirisha mengi ya mji huu, nikajua nitalitoa vizuri.

Lakini mzee aliinua ule mkono wake mzima, akaniashiria ninyamaze, akamwambia karani kwa Kiingereza cha polepole, neno moja baada ya jingine, "Huyu ndiye anayetusindikiza sote."

Hata hilo aliniwahi.